Pembe za Maniema, Kuta za Unguja

 

Leo nataka tuzungumze juu ya kukarabati majengo ya kale. Nitaanzia mbali, ufuoni mwa Bahari ya Hindi, lakini msizime redio, kwa sababu habari hii inatuhusu kuliko inavyoonekana.

Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Hilo ndilo jumba maarufu kuliko yote Zanzibar, Jumba la Maajabu. Mafundi walikuwa ndani wakilikarabati. Wawili walikufa. Tafadhali tusipite haraka hapo. Hawa ni watu walioamka asubuhi ya sikukuu wakaenda kazini kuliokoa jengo, na jengo likawaangukia. Jumba hilo lilikuwa limesimama tangu 1883. Mwaka 1896 manowari za Waingereza zililipigia mizinga eneo la ikulu kwa muda usiofika saa moja, majumba ya jirani yakawa kifusi, nalo likabaki wima. Lilivumilia mizinga, halafu likaanguka wakati linafanyiwa ukarabati.

Mtu wa Kailo, huku kwetu Maniema, Kongo, anaweza kuniuliza: hilo linatuhusu nini? Sisi hatuna bahari wala sultani. Tuna mto, tuna msitu, na barabara yetu ya kwenda Kindu inakatika kila mvua inapozidi. Ndugu yangu, swali lako ni la haki, nami nitalijibu kwa kutaja bidhaa moja: pembe za ndovu.

Katika miaka ile ambayo Sultani Barghash bin Said alitawala Unguja, kuanzia 1870 hadi 1888, pembe nyingi zilizofika katika forodha yake zilitoka huku kwetu. Zilibebwa mabegani kutoka Nyangwe na Kasongo, zikavuka Tanganyika hadi Ujiji, zikapita Tabora, zikashuka Bagamoyo, zikavuka bahari. Mkubwa wa biashara hiyo upande wetu alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye kila mtoto wa Maniema amesikia akiitwa Tippu Tip. Mali aliyoingia nayo bara, nguo, shanga, bunduki na baruti, alipewa kwa mkopo, na aliyemkopesha kwa miaka mingi alikuwa tajiri wa Kihindi wa Unguja, Tharia Topan. Kwa hiyo mkiona picha ya majumba yale meupe yenye roshani zilizochongwa, jueni kwamba ndani ya chokaa ile mna jasho la wapagazi wetu, na katika sehemu nyingine mna damu yao. Hesabu ya majumba yale iliandikwa pwani, lakini malipo yalitoka Lualaba.

Ndiyo maana nasema kuanguka kwa Beit al-Ajaib kunatuhusu, na kukarabatiwa kwake kunatuhusu.

Sasa tuangalie lilivyofika hapo. Barghash alilijenga kwa ajili ya sherehe na mapokezi ya wageni. Lilikuwa na nguzo ndefu za chuma, roshani pande zote, milango mikubwa iliyochongwa kwa aya za Kurani. Lilikuwa jengo la kwanza Unguja kuwa na taa za umeme, ndipo watu wakaliita la maajabu. Baada ya vita vya 1896 mnara wa saa ukaunganishwa nalo kwa mbele. Waingereza wakalifanya ofisi za serikali yao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa chuo cha chama, na baadaye likawa makumbusho. Katika ukumbi wake wa ndani palikuwa na mtepe, jahazi la kale lililoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, lililoundwa upya na mafundi wa zama zetu ili ujuzi ule usipotee.

Mwaka 2012 pembe moja ya roshani ilianguka. Jengo likafungwa. Mwaka 2014 Mfuko wa Kumbukumbu wa Dunia ukalitia katika orodha yake ya majengo yaliyo hatarini, yaani dunia nzima ilikwisha kuambiwa. Kutoka pembe ile ya kwanza kuanguka hadi siku ya Krismasi ya 2020 ni miaka minane. Katika miaka hiyo masika na vuli hazikukosa kuja. Maji hayangoji mkataba utiwe saini. Yanatafuta ufa juu ya paa, yanateremka ndani ya ukuta, yanafika kwenye boriti na kwenye chuma. Chuma kikishika kutu kinavimba, na kikivimba kinapasua jiwe lililokizunguka. Boriti iliyoingizwa ukutani inaoza kuanzia kwenye ncha, mahali ambapo jicho halifiki. Fedha za ukarabati mkubwa zilikuja, serikali ya Oman ikazitoa, kazi ikaanza. Ilianza juu ya mwili uliokwisha kudhoofika kwa miaka mingi.

Sitamnyoshea mtu kidole usiku huu. Ninachotaka kukisema ni kwamba tumezoea kuhesabu fedha za siku ya ukarabati na kusahau kuhesabu miaka iliyopita kabla yake. Bati moja lililong'oka mwaka wa kwanza ni kazi ya fundi mmoja na ngazi. Bati lilelile likiachwa miaka minane linakuwa kazi ya mataifa.

Jambo la pili ni vitu vinavyotumika kukarabatia. Nisikilizeni hapa ninyi mafundi, kwa sababu mimi si fundi, lakini haya yanajulikana na yanafaa kwenu pia. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ile ilitokana na matumbawe hayohayo, yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, kisha ikatiwa maji, ikaachwa ipoe na kukomaa muda mrefu, ndipo ikachanganywa na mchanga. Sakafu za juu zililala kwenye boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haiendi mbali zaidi ya mita tatu hivi, vyumba vya Unguja ni vyembamba na virefu. Ukuta wa namna hiyo ni mlaini. Unakunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Ukiupaka chokaa kila baada ya muda, unaishi karne.

Kisha ikaja saruji. Saruji ni nzuri mahali pake, wala siisemi vibaya. Lakini ukiipaka juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa, ni kama kumvisha mgonjwa wa homa koti la plastiki. Unyevu ulioingia kutoka juu haupati pa kutokea. Chumvi iliyo ndani ya jiwe inajikusanya nyuma ya plasta, chokaa ya katikati inageuka unga, na siku moja plasta inadondoka ikiwa nzima pamoja na uso wa ukuta. Mwenye nyumba anashangaa, kwa sababu aliona ukuta wake unang'aa. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliumia hivyo, tena kwa mikono ya watu waliozipenda na waliotaka kuzitengeneza.

Liko pia jambo la wenyewe. Baada ya 1964 matajiri wengi wa Mji Mkongwe waliondoka, nyumba zao zikawa mali ya serikali, familia nyingi zikawekwa katika nyumba moja. Aliyekaa chini hakuona paa, aliyekaa juu hakuona msingi, na hapakuwa na mtu aliyejua kwamba zamu ya kupaka chokaa ni yake. Siwalaumu, walikuwa watu waliohitaji mahali pa kulala. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka maalumu ya kuhifadhi na kuendeleza mji huo, na mwaka 2000 mji ukaandikishwa kuwa Urithi wa Dunia. Tangu hapo kazi imekuwa ikienda, mara mbele mara nyuma.

Sasa niwape mfano wa jengo lililopona, tena jengo la mtu niliyekwisha kumtaja. Yule Tharia Topan, mkopeshaji wa Tippu Tip, aliweka jiwe la msingi la hospitali mwaka 1887, kwa heshima ya miaka hamsini ya Malkia Victoria. Yeye mwenyewe alifariki 1891 kabla jengo halijakwisha, likamalizika 1894. Ni jumba zuri mno, limetazama bandari, lina roshani za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Gujarat na vioo vya rangi. Baadaye chini yake pakawa zahanati, na hadi leo watu huliita Zahanati ya Zamani. Nalo lilichakaa. Miaka ya 1970 na 1980 lilikuwa halina mtu wa kulitazama, paa linavuja, mbao zinaoza. Miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukalichukua. Kilichonifurahisha katika kazi ile ni namna walivyoifanya. Walirudi kwenye chokaa. Walirudi kwenye uchongaji. Mbao iliyooza nusu haikutupwa nzima. Ilikatwa sehemu mbovu ikaungwa mpya. Na waliofanya kazi hiyo walikuwa waashi na maseremala wa hapohapo, wakifundishwa kazini, hata jengo lilipokwisha pakabaki watu wenye ujuzi wa kwenda kwenye jengo lingine. Jumba lile bado limesimama.

Na la Tippu Tip mwenyewe? Lipo Shangani, lina mlango mkubwa wa kuchongwa. Alifia Unguja mwaka 1905. Kwa miaka mingi nyumba yake imekaa katika hali mbaya, familia kadhaa zikipanga humo, wageni wakisimama nje kupiga picha ya mlango.

Hapa najua wako kati yenu wanaosema: iache ianguke. Nimeyasikia maneno haya Kasongo, nimeyasikia Kindu. Kwa nini tumlilie mtu aliyefanya biashara ya watu na pembe, au tulilie jumba lililojengwa kwa utajiri wa namna hiyo? Swali hili ni zito na sitalikwepa.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wenye bunduki walifyatua risasi katika soko la Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Wengi waliokuwa sokoni walikuwa akina mama waliokuja na samaki, na vyungu, na mafuta ya mawese, kama wanavyokuja hadi leo. Walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, wengine wakajitosa majini. David Livingstone alikuwepo na aliona kwa macho yake. Idadi ya waliokufa aliyoiandika ni kati ya 330 na 400. Barua zake zilipofika Uingereza zilizusha hasira kubwa, na hasira hiyo ilikuwa moja ya sababu zilizoifanya Uingereza imkabe Sultani Barghash hadi akatia saini, mwezi Juni 1873, mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Barghash huyohuyo, miaka kumi baadaye, ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib.

Mahali pa soko lile la watumwa, Mkunazini, Waanglikana walijenga kanisa kuu chini ya Askofu Edward Steere, yule aliyekuwa pia mtaalamu wa Kiswahili. Kanisani humo pana msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti wa Chitambo, kule Zambia, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa. Kanisa hilo nalo lilifika mahali pa kuvuja na kupasuka. Likakarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na Mfuko wa Kumbukumbu wa Dunia, na mwaka 2016 pakafunguliwa kando yake kituo chenye maonyesho ya historia ya utumwa, ili mtu asiishie kutazama madirisha tu. Anayeingia anaambiwa waliouzwa walitoka wapi, walikamatwaje, nani alinunua, nani aliuza.

Jibu langu kwa wanaosema acha ianguke ni hilo. Akina mama wa Nyangwe hawana kaburi lenye jina. Kama kuta za Unguja zitabaki, na kama atakayezikarabati ataandika mlangoni ukweli wote, basi kuna mahali duniani ambapo jambo lile haliwezi kukanwa. Jumba likianguka, aliyetenda hapotezi kitu, kwa kuwa amekwisha kufa. Anayepoteza ni mjukuu wa aliyetendewa, kwa sababu ushahidi umekwenda. Ningetaka sana siku Beit al-Ajaib itakapofunguliwa tena pawe na chumba kimoja kinachosema habari za Maniema, na mwalimu kutoka kwetu aitwe kuyasoma maandishi yake kabla hayajabandikwa.

Basi turudi nyumbani.

Nyangwe na Kasongo ya zamani, ile tunayoiita Tongoni, hazina tena nyumba za wakati ule. Zilikuwa za udongo, na vita vya 1893, wakati majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipoichukua Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili, havikuacha kitu kikubwa. Watafiti wa akiolojia wamefanya kazi Tongoni katika miaka hii ya karibuni. Wamepata vipande vya vyungu na mabaki ya makazi, wamesikiliza wazee. Hayo ni ya ardhini. Yaliyo juu ya ardhi katika jimbo letu ni ya zama zilizofuata, na makubwa kati yake yaliletwa na reli.

Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu iliundwa mwaka 1902. Reli ya kutoka Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilikamilika mwisho wa mwaka 1910. Kindu kama mji tunaoujua ilikua kwa sababu hiyo: meli zilitoka Ubundu zikaishia hapa, mizigo ikapanda treni. Stesheni, ghala, karakana, nyumba za wafanyakazi, matofali ya kuchoma na mabati. Nani aliyechoma matofali yale na kulaza reli ile? Babu zetu, wengi wao kwa kulazimishwa. Kwa hiyo majengo haya nayo yana historia chungu, kama yale ya Unguja. Hata hivyo ukimwuliza mzee wa Kindu akuonyeshe mji wake, atakupeleka stesheni.

Kwetu Kailo historia ilikuja kwa njia ya madini. Kasiteriti na wolframu ndivyo vilivyoleta kampuni, na kampuni zikajenga. Mwaka 1976 kampuni za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani. Baadaye vita vikaja, vya 1996 na vya 1998. Mnajua yaliyofuata kuliko mimi. Katika maeneo yote ya machimbo ya jimbo letu, Kalima, Punia, kwetu pia, nyumba za kampuni zilivuliwa mabati, zikang'olewa milango, mtini ukaota juu ya ukuta. Nyingine zimekaliwa na familia ambazo zimezitunza kwa uwezo wao, na familia hizo zinastahili shukrani kabla ya mtu yeyote kuja kuzungumza habari za urithi.

Sheria ipo. Tangu tarehe 15 Machi 1971 nchi yetu ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni, na Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ipo tangu 1970. Kinshasa wamefungua makumbusho mapya ya taifa mwaka 2019. Lakini angalieni orodha ya Urithi wa Dunia. Kongo iliandikisha maeneo matano kati ya 1979 na 1996: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga, na Hifadhi ya Okapi. Yote ni misitu na wanyama. Nafurahi kwamba sokwe wetu na okapi wetu wanajulikana. Ila mtu akisoma orodha hiyo peke yake anaweza kudhani kwamba katika nchi hii binadamu hakuwahi kujenga kitu.

Hatuhitaji kungoja orodha ya dunia. Huko Mali, mji wa Djenné una msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa 1907. Udongo na mvua ni maadui, hilo tunalijua hapa. Basi kila mwaka mji mzima hutoka siku moja, vijana wanabeba udongo uliokandwa, akina mama wanabeba maji, waashi wakongwe wanasimamia, msikiti unapakwa upya kabla ya mvua. Na tazameni akili ya waliojenga: kuta zimetokezwa vijiti vya mvumo kila upande, na waashi huvipanda kama ngazi. Waliojenga walijua tangu mwanzo kwamba kitu chao kitahitaji kutengenezwa kila mwaka, wakaweka mahali pa kukanyaga. Sisi tuna salongo. Jumamosi tunasafisha barabara na mitaro. Jumamosi moja kabla ya mvua kubwa inaweza kuwa ya shule ya zamani, au ya ofisi ya zamani, au ya nyumba ya mikutano.

Kampala nako wametufundisha uvumilivu. Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, nyumba kubwa ya nyasi ambamo Kabaka wanne wamelazwa, iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. Ilichukua hadi 2023 ndipo UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Miaka 13. Fedha zilikuwepo, za serikali na za Wajapani, lakini kuezeka nyumba ile ni kazi ya ukoo wa Ngeye, ukoo wa mbega, na ina mafunzo yake na miiko yake. Huwezi kuagiza ukoo kutoka nje. Ilibidi wazee wanaojua wawafundishe vijana, nyasi zikatwe kwa wakati wake, kazi iende kwa mwendo wake. Nchi iliyoruhusu mafundi wake wafe bila wanafunzi haiwezi kukarabati kitu, hata ikipewa dhahabu.

Nani Maniema anajua leo kuchoma tofali la namna ya zamani, lile jembamba gumu linalolia ukiligonga? Wazee wachache. Nani anajua kunyoosha mbao za paa refu bila kuzivunja? Wachache zaidi. Naomba wakuu wa shule za ufundi wawatafute wazee hao mwaka huu, wawalipe kama walimu, wawape vijana wawiliwawili.

Na kwa wale wanaokaa katika nyumba hizo, au wanaosimamia shule, parokia, msikiti au ofisi ya zamani hapa Kailo, nasema haya kwa heshima. Anzeni juu. Tengenezeni paa kabla ya kupaka rangi, hata kama mgeni mkubwa anakuja kesho na anataka kuona rangi. Mti ulioota ukutani ukateni karibu na ukuta, msiung'oe, kwa maana mzizi utatoka na matofali yake. Shina libaki hadi life, ndipo fundi alitoe polepole. Chimbeni mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi. Tazameni mchwa kwenye miimo ya milango. Mkikuta tofali laini limeungwa kwa udongo au chokaa, msilifunike kwa saruji nzito. Ulizeni kwanza fundi anayejua. Ninyi wachimbaji, wanangu, shimo lisisogelee ukuta. Najua madini hayachagui mahali, lakini nyumba ikianguka itawaangukia ninyi mlio chini yake.

Kabla ya kuvunja ukuta wowote, pimeni, chukueni picha kwa simu, andikeni. Beit al-Ajaib inaweza kujengwa upya kwa sababu ipo michoro na zipo picha nyingi mno, za tangu karne ya 19. Majengo yetu hayana bahati hiyo. Picha zetu ziko katika masanduku ya bibi zetu, nyuma ya harusi na ubatizo, pale ambapo bwana harusi amesimama mbele ya ukuta na hakuna aliyeutazama ukuta.

Kwa hiyo ombi langu la wiki hii ni dogo. Mwenye picha ya zamani ya Kailo, ya Kindu, ya kambi ya kampuni, ya stesheni, hata iwe imepasuka, aipeleke kwa mwalimu wa shule iliyo karibu naye. Mwalimu aipige picha, aandike nyuma ya daftari ni mahali gani, ni mwaka gani, na nani anaonekana, kisha amrudishie mwenyewe picha yake siku hiyohiyo. Wazee wasioona vizuri waelezewe picha, nao waseme kilichokuwa upande wa kushoto na kilichokuwa upande wa kulia. Mwezi ujao, tukijaliwa, nitawaita hapa walimu wawili au watatu watuambie wamepata nini.